Barafu ya Ziwani, Barafu ya Bomba: Maswali Yenu Kuhusu Hoki ya Cornell

Toleo lililopita tuligusia kwa kupita tu msimu wa 1970 wa timu ya wanaume ya hoki ya barafuni ya Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York: mechi 29, ushindi 29. Tulidhani habari imeishia hapo, kumbe ndiyo kwanza tumeichokoza. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha na marefu tumeyapunguza.

SWALI: Mahali pamoja nimesoma Cornell ni mabingwa mara mbili, kwingine mara tatu, na kwingine zaidi ya mara kumi. Nishike lipi?

Yote yanaweza kuwa kweli, kwa sababu kila mwandishi anahesabu kombe lake. Ukisema ubingwa wa taifa wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, ni mara mbili: 1967 na 1970. Hapo hapana ubishi.

Wanaosema tatu wanaongeza mwaka 1911. Msimu huo Cornell, chini ya kocha Talbot Hunter, walicheza mechi kumi wakashinda kumi na kutwaa ubingwa wa ligi ya vyuo ya wakati ule. Ni ubingwa halali, ila si wa NCAA. Mashindano ya NCAA ya hoki yalianza Machi 1948 huko Colorado Springs, kwenye ukumbi wa barafu wa Broadmoor, kwa timu nne tu: Michigan, Dartmouth, Boston College na Colorado College. Michigan waliifunga Dartmouth 8-4 kwenye fainali. Taji lolote la kabla ya hapo ni la ligi, na ligi za mashariki hazikukutana na vyuo vya magharibi kwa utaratibu wowote uliopangwa.

Wanaofikisha zaidi ya kumi wanahesabu kombe la ECAC, ligi ya timu 12 za mashariki, ambalo bingwa wake hupatikana kwa mchujo wa mwezi Machi. Na bado lipo taji la Ivy, umoja wa vyuo vikongwe vya mashariki. Hili halina mchujo wala fainali. Huchukuliwa matokeo ya mechi za msimu wa kawaida baina ya vyuo sita tu, yaani Brown, Cornell, Dartmouth, Harvard, Princeton na Yale, na mwenye alama nyingi ndiye bingwa. Timu moja inaweza kuyabeba yote matatu msimu mmoja. Kwa hiyo ukikutana na neno "bingwa" kwenye jedwali lolote la hoki ya vyuo, uliza kwanza: bingwa wa nini?

SWALI: Kwenye orodha ya misimu ya Cornell naona 1947-48, kisha 1957-58. Katikati hakuna kitu. Ilikuwa vita? Walifungiwa?

Hapana. Walikosa barafu.

Tangu mwanzo wa karne ya 20 Cornell walicheza kwenye ziwa Beebe, lililo ndani ya eneo la chuo. Si ziwa la asili. Ni bwawa lililotengenezwa kwa kuzuia kijito kiitwacho Fall Creek, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Maji yanayotembea hayagandi sawasawa. Penye mkondo, karibu na mdomo wa kijito na karibu na ukuta wa bwawa, barafu huwa nyembamba hata kama katikati imeshika. Ukiitazama kwa macho utaona ni uso mmoja mweupe. Ukiitoboa ndipo unapoona tofauti.

Chukua hesabu kidogo. Mtu mmoja mmoja kutembea juu ya barafu ngumu, isiyo na mapovu, panahitajika unene wa sentimita 10 hivi. Kundi la wachezaji wanaokimbia, kusimama ghafla na kugongana, pamoja na watazamaji pembeni, linahitaji zaidi ya hapo. Barafu ikiwa bado nyembamba na haina theluji juu yake, siku moja yenye wastani wa nyuzi 8 chini ya sifuri huongeza takriban sentimita 2.5. Ina maana zinatakiwa siku nne au tano za baridi kali mfululizo kupata ule unene wa chini kabisa. Ithaca kuna baridi, ndiyo, lakini wastani wa Januari ni nyuzi chache tu chini ya sifuri. Siku mbili za joto zikiingia katikati, unarudi nyuma.

Halafu kuna theluji, ambayo wengi huidhania rafiki wa barafu. Ni adui. Kwanza hufunika kama blanketi na kuzuia baridi ya hewa isifike chini, hivyo barafu huacha kunenepa. Pili, uzito wake huikandamiza barafu mpaka maji yapande juu kupitia nyufa, yachanganyike na theluji na kuwa uji. Uji huo ukiganda hutoa barafu nyeupe yenye mapovu, dhaifu kuliko ile ya bluu isiyo na mapovu, na yenye matuta. Kile kisahani cha mpira mgumu wanachokipiga, paki, kikipita juu ya tuta hurukaruka kama chura, na pasi ya chinichini inakufa. Timu inayofanya mazoezi juu ya barafu hiyo hujifunza kubeba paki badala ya kuipiga pasi, na siku ikikutana na wanaocheza ukumbini inaonekana kama inacheza mchezo mwingine.

Na wapinzani walikuwa ukumbini tayari. Jijini New York ukumbi wa St. Nicholas uliokuwa na barafu ya mtambo ulifunguliwa 1896. Boston walipata wao 1910. Princeton walifungua Baker Rink mwaka 1923. Hao waliweza kuanza mazoezi kabla baridi haijatulia, wakati Cornell wanasubiri ziwa ligande, na likiganda wanafunzi wako likizo ya Krismasi.

Kocha Nick Bawlf aliiongoza timu katika hali hiyo kuanzia 1920 hadi 1947. Miaka 27! Sisi tunaiona hii kuwa kazi ngumu kuliko ubingwa wowote uliofuata, ingawa hakuna kombe linalotolewa kwa kusubiri. Baada yake timu ilicheza msimu mmoja tu, 1947-48, ikasimamishwa. Angalia tarehe hizo: mashindano ya NCAA yanazaliwa Machi 1948, na msimu huohuo ndio wa mwisho kwa Cornell kabla ya kunyamaza karibu miaka kumi.

Kilichowarudisha ni jengo. Walter Carpenter, aliyesoma hapo na baadaye kuwa rais wa kampuni ya DuPont, alitoa fedha, na uwanja ukapewa jina la James Lynah, mkurugenzi wa michezo wa zamani wa chuo. Lynah Rink ilifunguliwa Machi 1957 kwa mechi ya kirafiki kati ya timu mbili za kulipwa, New York Rangers na Rochester Americans. Majira ya baridi yaliyofuata, 1957-58, timu ya chuo ikarudi chini ya kocha Paul Patten.

SWALI: Hiyo barafu ya ukumbini inatengenezwaje hasa? Maji yanamwagwa tu sakafuni?

Yakimwagwa tu utapata uwanja mbaya sana. Tueleze jinsi viwanja vya aina hii hufanya kazi, maana ndicho kiini cha hadithi nzima ya Cornell.

Chini kuna sakafu ya zege, na ndani ya zege kumelazwa mabomba kwa kilomita nyingi, yakiwa yamekaribiana. Ndani ya mabomba hayapiti maji ya kawaida. Hupita maji ya chumvi ya kalsiamu au glaikoli, kwa sababu vimiminika hivyo havigandi hata vikiwa nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri. Mtambo wa baridi nje ya ukumbi hukipoza kimiminika, pampu hukizungusha, na zege hugeuka kuwa bamba baridi.

Zege ikishapoa vizuri ndipo maji yanaingia, tena kwa kupuliziwa kama ukungu. Tabaka la kwanza ni jembamba mno, la kuziba vitundu vya zege tu. Likishika, la pili. Kisha hupakwa rangi nyeupe, maana barafu yenyewe haina rangi na bila hiyo ungeona zege ya kijivu na paki nyeusi ingepotea. Rangi hufunikwa kwa maji membamba, huchorwa mistari myekundu na ya bluu, hufunikwa tena, halafu matabaka yanaongezwa moja baada ya jingine mpaka unene wa sentimita 2.5 hadi 3. Uwanja wa futi 200 kwa 85, vipimo vya kawaida vya Amerika Kaskazini, una eneo la mita za mraba 1,500 na ushee, kwa hiyo maji yote ni kama lita elfu 40 hivi.

Mwenye haraka akifungulia mpira wa maji na kujaza kwa mkupuo mmoja, hewa hunaswa ndani, barafu inakuwa na mapovu, inapasuka, na uchafu wote unatulia juu ya rangi.

Unene nao una mipaka miwili. Ikipungua, makali ya viatu vya kutelezea hufika kwenye rangi na mistari inachimbika. Ikizidi, baridi ya bombani haifiki juu vizuri. Uso unakuwa laini, mtambo unafanya kazi usiku kucha na umeme unaliwa bure. Kwa hoki uso hutakiwa uwe nyuzi 4 hadi 5 chini ya sifuri. Wanaocheza dansi ya barafuni hupenda iwe na joto kidogo zaidi, kwani barafu laini hushika makali wakati wa kuruka. Ndiyo maana ukumbi unaotumiwa na wote wawili huwa na ugomvi usioisha juu ya kipimajoto.

Wakati wa mapumziko kati ya vipindi huingia gari la kusawazisha barafu, ambalo watu wameshalizoea kwa jina la aliyelibuni 1949, Frank Zamboni. Kisu kilicho chini yake hukwangua uso, parafujo kubwa huzoa chenga za barafu, na nyuma kitambaa hulaza maji ya moto, nyuzi 60 hivi. Kwa nini ya moto? Kwa sababu huyeyusha kidogo uso uliobaki na kushikana nao, na pia hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi, hivyo barafu inakuwa wazi na ngumu. Lita 450 zikisambazwa uwanja mzima hutoa tabaka la milimita 0.3 tu.

Kitu kimoja ambacho wachache hukifikiria ni watazamaji. Mtu aliyekaa hutoa joto la kama wati 100. Lynah leo inabeba watu zaidi kidogo ya 4,200, wamebanana hadi karibu na barafu. Hiyo ni zaidi ya kilowati 400 za joto, sawa na kuwasha majiko ya umeme 200 ndani ya ukumbi mmoja. Fundi mzuri huiongezea baridi sakafu saa kadhaa kabla milango haijafunguliwa. Akisubiri mpaka watu wameingia, amechelewa: baridi inachukua muda kupanda kupitia zege.

SWALI: Ned Harkness alikuta timu dhaifu 1963, miaka minne baadaye ni bingwa. Alifanya muujiza gani?

Tazama namba zenyewe. Msimu wake wa kwanza, 1963-64: ushindi 12, kufungwa 10, sare 1. Unaofuata: 19-7. Wa tatu: 22-5. Wa nne, 1966-67: 27-1-1 na ubingwa. Ni ngazi, tena ya kupanda hatua moja moja. Muujiza hauji kwa ngazi.

Tatu ndizo sababu tunazoziona. Barafu ilikuwepo tayari, kazi ya wengine waliomtangulia, naye alikuwa na uwanja wa mazoezi kila siku. Alikuja akiwa anajua njia, kwani akiwa RPI, chuo kilichoko Troy katika jimbo hilohilo, alikuwa ameshachukua ubingwa wa NCAA wa 1954. (Huo ni wa RPI, usiuhesabie Cornell, kosa tunaloliona mara kwa mara.) Na alikuwa Mkanada, mzaliwa wa Ottawa, aliyejua wapi pa kutafuta vijana. Mpaka wa Kanada hauko mbali na Ithaca, na vikosi vyake vilijaa Wakanada.

Kwa nini ngazi ilichukua miaka minne na si miwili? Kanuni za wakati huo hazikumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kuu. Alichezea timu ya wanaoanza. Kijana uliyemshawishi mwaka huu unampata mwakani, na nguvu zake kamili miaka miwili au mitatu baadaye.

Kwa jumla Harkness aliondoka Cornell na 163-27-2. Ukitoa misimu mitatu ya mwanzo, minne ya mwisho peke yake ni 110-5-1. Kufungwa mara tano katika miaka minne! Mwaka 1970 alikwenda kuifundisha Detroit Red Wings, timu ya kulipwa, na mwaka 1975 akaanzisha timu ya Union College.

SWALI: Tafadhali tuelezeni ule msimu wa 29-0 na jinsi Ken Dryden alivyodaka.

Hakudaka. Ken Dryden hakuwepo.

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika barua zenu, na si ninyi tu. Dryden aliingia Cornell 1965, akacheza mwaka mmoja na timu ya wanaoanza, kisha misimu mitatu na timu kuu, na akahitimu 1969. Ubingwa wake ni wa 1967, pale Syracuse, ambako Cornell waliifunga North Dakota 1-0 kwenye nusu fainali na Boston University 4-1 kwenye fainali. Rekodi yake binafsi chuoni ni 76-4-1. Mwaka 1971 aliidakia Montreal Canadiens, timu ya NHL, ligi ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, na kubeba Kombe la Stanley, taji la ligi hiyo, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mchujo kabla hata hajahesabiwa kuwa amemaliza msimu wake wa kwanza wa NHL. Tuzo ya mchezaji chipukizi alipewa mwaka uliofuata. Pengine ukubwa wa jina lake ndio unaomvuta hadi kwenye picha ya 1970.

Golikipa wa 29-0 ni Brian Cropper. Na jina la kukumbuka zaidi ni Dan Lodboa, beki aliyekuwa mshambuliaji kabla ya kurudishwa nyuma. Fainali ilichezwa Lake Placid dhidi ya Clarkson, wapinzani wa ligi moja waliojuana kama majirani wa ukuta mmoja. Kipindi cha tatu Lodboa alifunga mabao matatu peke yake. Matokeo 6-4. Nusu fainali ilikuwa nyembamba zaidi: Wisconsin 1, Cornell 2.

Tangu hapo hakuna bingwa mwingine wa NCAA wa daraja la kwanza kwa wanaume aliyemaliza bila kufungwa wala kutoka sare. Ajabu ndogo: misimu minne ya mwisho ya Harkness kila mmoja ulikuwa na mechi 29 kamili. 27-1-1, 27-2-0, 27-2-0, 29-0-0. Kwa hiyo unaweza kuilinganisha bila kupiga hesabu ya asilimia.

SWALI: Na hiyo asilimia yenyewe hupigwaje pakiwa na sare?

Namba tatu husomwa ushindi, kufungwa, sare. Kila sare ihesabu nusu ushindi, jumlisha na ushindi, gawa kwa mechi zote. Dryden: 76 na nusu gawa kwa 81, asilimia 94.4. Harkness: 164 gawa kwa 192, asilimia 85.4. Ukiziondoa sare kwenye kigawanyo, kama wengi wafanyavyo, unamwongezea mtu sifa ambazo hakuzipata. Mechi za kirafiki usizitie kabisa, hata kama zimo kwenye ratiba.

SWALI: Ni kweli mashabiki wa Cornell huwatupia Harvard samaki?

Kweli. Ilianza miaka ya 1970. Mashabiki wa Harvard walimletea golikipa wa Cornell kuku, kejeli kwa chuo chenye kitivo cha kilimo. Cornell wakajibu kwa samaki, kwa kuwa Harvard wako jirani na Boston, mji wa wavuvi. Samaki hurushwa Harvard wanapoingia uwanjani kabla ya mchezo. Ukiwarusha mchezo umeanza, mwamuzi anaweza kuiadhibu timu ya nyumbani kwa kuchelewesha mechi, kwa hiyo anayeumia ni wako. Magamba pia hugandamana na barafu haraka, yabidi yakwanguliwe moja moja. Kwa maoni yetu kuku na samaki wote wangefaa zaidi jikoni.

SWALI: Timu yenye sifa zote hizi, kwa nini haijachukua ubingwa wa taifa tangu 1970? Ari imekwisha?

Ari ipo, kilichobadilika ni hesabu. Mwaka 1967 na 1970 mashindano yalikuwa ya timu nne, ukishinda mechi mbili umemaliza. Tangu 2003 timu ni 16 na unatakiwa kushinda nne mfululizo, kila moja ya kufa au kupona. Tuseme timu ina uwezekano wa asilimia 70 kushinda mechi yoyote, jambo ambalo ni la timu bora kabisa. Kwa mechi mbili uwezekano wa kombe ni asilimia 49. Kwa mechi nne unashuka hadi 24. Timu ileile, nguvu ileile, na nusu ya nafasi imeyeyuka.

Kisha Ivy hawatoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Msaada wa fedha hutolewa kwa kuangalia uwezo wa familia. Vyuo vingine vya daraja la kwanza kwa miaka mingi viliruhusiwa kugawa ufadhili kamili 18 kwa timu ya hoki ya wanaume. Ivy pia huanza msimu wakiwa wamechelewa, na hucheza mechi zisizozidi 29 za msimu wa kawaida wakati wengine wanafika 34. Ifikapo Oktoba mwishoni, Cornell wanashuka kucheza mechi ya kwanza na mtu ambaye tayari ana mechi sita miguuni.

Hata hivyo, tazama jinsi walivyopotea. 1973, nusu fainali, wanaongoza Wisconsin 4-0, wanafungwa 6-5 muda wa nyongeza. 2003, nusu fainali mjini Buffalo, New Hampshire 3-2. 2006, mechi moja kabla ya kufika timu nne za mwisho, Wisconsin 1-0, bao pekee likija katika muda wa nyongeza wa tatu. 2023, Boston University 2-1. 2024, Denver 2-1, na Denver wakaenda kubeba kombe. 2025, Boston University tena, 3-2 muda wa nyongeza. Hizo zote ni bao moja moja. Kati ya hizo sita, kocha Mike Schafer alikuwepo kwa tano za mwisho. Yeye aliwahi kuwa nahodha wa Cornell akatwaa kombe la ECAC kama mchezaji 1986, akafundisha kuanzia 1995 hadi 2025, na akaondoka na makombe ya ECAC ya miaka miwili ya mwisho mkononi. Nafasi yake ameichukua Casey Jones.

Jambo la kuangalia sasa ni kanuni mpya. Zamani kijana aliyecheza ligi kuu za vijana za Kanada, zile za CHL, alihesabiwa kuwa mtaalamu na alifungiwa milango ya NCAA. Tangu Agosti 1, 2025 mlango huo umefunguliwa. Vyuo vinavyotoa fedha vitawavuna hao kwanza. Cornell, waliojengwa na Wakanada enzi za Harkness, watalazimika kuwavuta kwa digrii.

SWALI: Nina jedwali langu la misimu ya Cornell. Msimu wa 2019-20 hauna mchujo wa taifa, na 2020-21 ni tupu. Niandike nini?

Kwa 2019-20 andika 23-2-4, na pembeni: "Msimu wa kawaida ulikamilika, mchujo ulifutwa Machi 2020 kwa sababu ya korona." Walikuwa namba moja kitaifa wakisubiri robo fainali ya ECAC. Usiwaandikie "walitolewa", maana hakuna aliyewatoa. Usiwaandikie ubingwa pia, ingawa tunajua mkono unawasha. Hata hizo zilikuwa mechi 29.

Kwa 2020-21 usiandike 0-0-0. Ligi ya Ivy ilifuta michezo ya msimu huo, hivyo hakuna mechi iliyochezwa. Namba 0-0-0 itaingia kwenye hesabu zako za wastani na kuzivuruga, na kama jedwali ni la kompyuta litakupa kosa la kugawa kwa sifuri. Weka kistari, kisha neno "hapakuchezwa". Fanya vivyo hivyo kwa kila mwaka kuanzia 1948-49 hadi 1956-57, safu tisa, na pembeni yake andika sababu: ziwa.